Zima Mashine Kwanza, Ndipo Utie Mkono

Wakulima wengi wa Kitui na Makueni wanakumbuka jinsi ndengu zilivyokuwa zikipurwa zamani. Maganda makavu yalitandazwa juani, majirani wa mwethya wakaja na fimbo zao, wakapiga na kuimba, na kufika jioni akina mama walikuwa wamekwisha kupepeta. Mtu aliyeumia katika kazi hiyo aliumia kidogo tu: kidole kilichopigwa fimbo, mgongo uliochoka, vumbi machoni. Siku hizi mashine moja hufanya kazi ya watu hao wote kabla jua halijapanda. Hilo ni jambo jema, wala sikuandika makala haya ili kuwatisha watu wairudie fimbo. Nimeandika kwa sababu fimbo ilimpa mtu nafasi ya kukosea, na mashine haitoi nafasi hiyo.

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu husema kwamba mashine humkata mgeni asiyeijua. Mgeni huiogopa mashine, naye husimama mbali. Anayekatwa mara nyingi ni yule aliyeizoea, na hakatwi wakati mashine inapofanya kazi vizuri. Hukatwa inapokwama. Mashine ikienda sawasawa hakuna sababu ya mkono kuingia ndani yake. Ikisakamwa na maganda mabichi, au gunzi la hindi likilala kinyume, au kamba ya gunia ikijisokota ndani, ndipo mtu huinama na kusema moyoni, "Nitaondoa hiki kidogo tu." Neno "kidogo tu" limewaondolea watu vidole vingi.

Mimi mwenyewe nimeona jambo hili kwa macho yangu, na sehemu yangu ndani yake si ya kujivunia. Ilikuwa mwezi wa Februari, mavuno ya mvua za vuli yakiingia kwa wingi. Nilikuwa nimetumwa kuandika uzito wa magunia katika ghala moja la kununulia nafaka, ambalo sitalitaja. Lori lilikuwa limengoja tangu asubuhi, na dereva alipiga honi kila baada ya kitambo, maana alitaka kufika Emali kabla ya usiku. Nje ya mlango palikuwa na mashine ya kupura, ikiendeshwa na injini ya dizeli kwa mkanda mrefu. Ndengu za mkulima mmoja hazikuwa zimekauka vizuri. Maganda yakajikunja mdomoni mwa mashine, na sauti ya injini ikawa nzito.

Kijana aliyekuwa akiilisha mashine alinitazama mimi, si tajiri wake, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika daftari. Nikamwambia, "Harakisha, kijana, watu wanangoja." Sikusema zaidi ya hayo. Alisukuma maganda kwa kijiti, kijiti kikavunjika, akatia mkono. Alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Baadaye niliuliza kwa nini hakuizima injini. Jibu lake lilinifundisha kuliko kitabu chochote cha usalama nilichopata kusoma. Alisema injini ile ilikuwa mkaidi kuwaka. Ukiizima, watu wawili huizungusha kwa hendeli hadi wakatoka jasho, na pengine robo saa hupita. Basi kila ilipokwama, kila mtu pale aliona ni afadhali isizimwe. Kwa hivyo, ndugu mwenye mashine, injini isiyowaka upesi si kero tu, bali ni hatari. Pampu ya dizeli iliyochoka, chujio chafu au betri mbovu humfundisha mfanyakazi wako kutia mkono katika chuma kinachozunguka. Ukiitengeneza injini iwake mara moja, umeondoa nusu ya kishawishi. Nusu ya pili ni haraka ya karani, na hiyo nimekwisha kuikiri.

Jambo la tatu katika mkasa ule lilikuwa unyevu. Maganda makavu huvunjika na kupita, maganda mabichi hujisokota. Mahindi ya kuuza hutakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na watu hudhani kwamba kipimo hicho ni kwa ajili ya kuvu na bei tu. Ni kwa ajili ya vidole pia. Asiye na kipimo cha mashine atumie chumvi: atie punje katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, atikise kwa dakika chache, kisha aiache itulie. Chumvi ikigandama kwenye kioo, nafaka bado ni mbichi na irudi juani. Mnunuzi wa ghala asikubali kupura mazao mabichi kwa kumwonea mwenyewe huruma. Huruma hiyo hulipwa na kijana anayelisha mashine.

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba hesabu haimwingii mtoto mpaka itumie kitu anachokijua. Basi tufanye hesabu mbili.

Ya kwanza ni ya trekta. Mashine nyingi za kupukuchua mahindi huendeshwa na ile shafti itokayo nyuma ya trekta. Kipimo chake kilichozoeleka ni kuzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa kila sekunde. Tuseme shafti ina unene wa sentimita 7 na nusu. Ukiizungushia uzi mara moja, uzi huo utakuwa na urefu wa sentimita 23 na nusu hivi. Zidisha kwa 9, utaona kwamba shafti inaweza kumeza zaidi ya mita 2 za nguo kwa sekunde moja. Leso ina urefu wa mita moja na nusu hivi. Kwa hivyo pindo la leso likinaswa, leso nzima imekwisha kusokotwa kabla ya sekunde moja kutimia, na mama aliyejifunga amevutwa pamoja nayo. Hana wakati wa kuifungua. Hata wakati wa kupiga kelele hana.

Hesabu ya pili ni ya mkanda. Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, na gurudumu linaloshika mkanda likiwa na upana wa sentimita 15, mkanda huenda karibu mita 12 kwa sekunde. Sasa mfikirie Ferdinand Omanyala, ambaye tarehe 18 Septemba 2021 alikimbia mita 100 jijini Nairobi kwa sekunde 9.77. Mwendo wake ulikuwa mita 10 na kidogo kwa sekunde. Mkanda ule uliofungwa kwenye uwanja wa nyumba yako unamshinda Omanyala, na unakimbia hivyo mchana kutwa, karibu na watoto. Mtu asijidanganye kwamba ataondoa mkono kwa wepesi wake.

Kwa sababu hiyo, mtu yeyote anayekaribia mashine avue leso, afungue kitambaa kinachoning'inia, akunje mikono ya shati juu ya kiwiko au aifunge vifungo. Koti kuukuu lenye matambara libaki kwenye mti. Nywele ndefu zifungwe chini ya kofia. Hata glavu, ambazo wengi huziona kuwa kinga, ni mbaya karibu na kitu kinachozunguka, kwa kuwa ncha yake hunaswa kabla ya ngozi, kisha huvuta mkono wote. Glavu ni za kubebea magunia.

Shafti ya trekta hutoka kiwandani ikiwa imevikwa bomba la plastiki, na mikanda hutoka na vifuniko vya bati au vya wavu. Ukitembea wakati wa mavuno utaviona vifuniko hivyo vimetundikwa ukutani, au vimefanywa chombo cha kulishia kuku. Fundi alivitoa ili atie grisi, akaona kuvirudisha ni kazi. Kama cha kwako kimepotea, fundi wa kuchomea vyuma wa Wote au Mwingi atakutengenezea kingine kwa wavu mzito na vyuma vya pembe. Mwambie mambo mawili: matundu ya wavu yawe madogo kiasi kwamba kidole hakipiti, na kifuniko kifungwe kwa namna ambayo grisi itaingia bila kukitoa. Kifuniko kinachomsumbua fundi hakidumu.

Mashine ikikwama, fanya hivi, na usiruke hata hatua moja. Zima injini. Kama ni ya umeme, zima kwenye swichi kubwa ya ukutani, si kwenye kitufe cha mashine pekee. Toa ufunguo uutie mfukoni mwako wewe utakayetia mkono, si mfukoni mwa mwenzako. Kama injini haina ufunguo, vua mkanda baada ya kila kitu kusimama. Kisha ngoja. Hapa ndipo wengi hukosea, maana gurudumu zito la injini na ngoma yenye meno huendelea kuzunguka kimya kimya baada ya sauti kunyamaza, na sikio humwambia mtu kwamba kazi imekwisha ilhali jicho halijaona. Tazama mpaka uone chuma kimetulia. Ndipo uondoe kilichokwama, kwa ndoano au kwa mti, na mkono uwe wa mwisho.

Katika maghala makubwa kuna mitambo ambayo wakulima wengi huiona siku ya kupeleka mazao tu. Liko bomba lenye parafujo ndefu ndani yake, ambalo hupandisha nafaka juu hadi kwenye tangi. Ule mdomo wa chini unaokula nafaka hauna budi kufunikwa kwa nondo, kwa sababu parafujo haijui tofauti ya punje na mguu. Mtu asisukume nafaka kuelekea mdomo huo kwa mguu, jambo ambalo vibarua hulifanya kwa mazoea. Wala mtu asiingie ndani ya tangi wakati nafaka inapotoka chini. Nafaka inayotiririka humzamisha mtu mzima kwa sekunde chache, na akishazama hadi kiunoni wenzake hawawezi kumvuta kwa mikono.

Liko pia gari la kuinulia mizigo, foklifti. Hilo hufanya kazi kama mzani wa zamani: mzigo mbele, uzito wa chuma nyuma, na magurudumu ya mbele ni pale mzani unapoegemea. Ukizidisha mzigo, nyuma huinuka. Ukiuinua mzigo juu kisha ukapinda kona, gari lote hupinduka, na dereva anayeruka nje hulaliwa nalo. Mzigo uende ukiwa chini, kiasi cha sentimita 15 kutoka sakafuni. Magunia 10 ya mahindi ya kilo 90 ni kilo 900, basi dereva asome kibao cha uwezo wa gari lake kabla ya kukubali la kumi na moja. Mkulima aliyekuja kungoja hundi ajue jambo moja: gari hili hupinda kwa magurudumu ya nyuma, kwa hivyo mkia wake hufagia upande. Usisimame kati yake na ukuta au rundo la magunia, hata kama dereva ni shemeji yako. Wala usikubali kupandishwa kwenye zile pembe zake ili uhesabu magunia ya juu.

Wakulima wa pamba wa Kitui wanaijua jineri, yaani kiwanda cha kuchambulia pamba. Mashine ya namna hiyo ilipewa hati ya uvumbuzi kwa jina la Eli Whitney huko Marekani mwaka 1794, na tangu hapo hatari yake ni ile ile. Misumeno au magogo yenye visu huvuta nyuzi kutoka kwenye mbegu; nyuzi zikijaa, mtu hutamani kuzitoa kwa vidole. Vivyo hivyo mashine za mkonge huko Kibwezi, ambazo hulishwa majani kwa mikono. Sina haja ya kurudia, maana mmekwisha kuelewa.

Ajali ikitokea, wa kwanza kushughulikiwa ni mashine, si mgonjwa. Izimwe. Usimvute mtu aliyenaswa, wala usiizungushe mashine kinyume kwa kubahatisha. Fundi afungue skrubu au akate mkanda. Kama ni umeme, usimguse kabla swichi kubwa haijazimwa. Damu ikitoka kwa nguvu, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu za mkono wote, bila kufunua kila mara ili kutazama, na uinue mkono ulioumia juu. Usitie majivu, wala ugoro, wala mafuta ya taa, wala udongo. Nimeona yote manne yakitiwa, na daktari hupoteza muda mwingi kuyaosha. Kama damu haizuiliki kabisa, funga kitambaa kipana kwa nguvu juu ya jeraha, upande ulio karibu na mwili, andika saa uliyofunga, na usikilegeze mpaka hospitalini.

Kidole kilichokatika kisiachwe kwenye makapi. Kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kitie katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, ufunge, kisha uweke mfuko huo juu ya barafu au katika maji baridi. Kisiguse barafu chenyewe. Kiende pamoja na mgonjwa. Mara nyingi hakitaunganishwa, lakini kilichotupwa hakiunganishwi kamwe.

Sasa neno la sheria, ambalo watu wengi wa kwetu hawalijui hadi wameumia. Tangu Sheria ya Viwanda ilipoanza kutumika mwaka 1951, mwenye mashine alitakiwa kuzifunika sehemu zake za hatari. Sheria hiyo iliondolewa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, ambayo ni pana zaidi: haisemi viwanda tu, bali kila mahali mtu anapofanya kazi, liwe ghala, shamba, au uwanja wa nyumba ambako mashine ya kukodi imesimama kwa siku moja. Mwaka huo huo ilitoka Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini. Kwa sheria hiyo mwajiri hulipia matibabu. Aliyeshindwa kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi hulipwa mapato yake wakati anapougua, kwa muda usiozidi miezi 12. Aliyepata kilema cha kudumu hulipwa kwa hesabu inayoanza na mapato ya miezi 96, kwa kufuata kiasi cha ulemavu ambacho daktari amekadiria, na kwa mipaka ya chini na ya juu iliyowekwa na waziri.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mtu alipata shilingi 9,000 kwa mwezi. Mara 96 ni shilingi 864,000. Daktari akisema ulemavu ni asilimia 20, fungu lake ni shilingi 172,800. Hizo si fedha za kuachwa kwa sababu ya haya.

Mwajiri akipata habari ya ajali ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kwa maandishi, na kama mtu amekufa habari ipelekwe katika saa 24. Madai ya mafao yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali. Ukimya wa mwaka mmoja waweza kuifunga njia.

Hapa pana shimo ambalo watu wetu huangukia. Sheria ya mafao humlinda mwajiriwa, na mwajiriwa ni mtu anayefanya kazi kwa ujira, hata kama mapatano yalikuwa ya mdomo, hata kama ni kibarua wa siku. Jirani aliyekuja kwa mwethya hana ujira, basi hana mwajiri wa kumlipa. Kwa sababu hiyo nawaomba wazee wa vikundi wagawe kazi hivi: walio wa mwethya wabebe, wapepete, washone magunia, na wakae mbali na mashine kwa hatua kumi, wanaolisha mashine wawe watu wa mwenye mashine, anaowalipa. Watoto wasikaribie kabisa.

Yule kijana wa mkasa wangu alikuwa mtoto wa dada wa mwenye mashine. Habari ilipofika kwa wakubwa, mjomba alisema, "Huyu si kibarua, huyu ni mwanangu, alikuja kunisaidia." Na pengine alisema kwa moyo mweupe, kwani kwetu mpwa ni mwana. Lakini katika daftari langu, kwenye kurasa za nyuma, nilikuwa nimeandika malipo ya siku ya watu wote wa mashine, kwa kuwa ghala liliyakata katika fedha za mjomba. Jina la kijana lilikuwa pale kwa siku kumi na moja mfululizo, na ujira wake. Daftari lile lile nililolishika nilipomhimiza aharakishe ndilo lililothibitisha kwamba alikuwa mwajiriwa. Malipo yalichelewa miezi mingi, lakini yalikuja.

Basi mwenye mashine anunue daftari la kurasa 96 kabla ya mavuno, aandike kila asubuhi jina la kila mtu anayegusa mashine, tarehe, na ujira wake, hata kama ni mtoto wa dada yake. Fomu ya kuarifu ajali huombwa kwa ofisa wa usalama na afya kazini wa kaunti, na asiyejua kuijaza aje ofisini kwetu siku yoyote ya kazi pamoja na daftari hilo, nasi tutamwandikia.